Lugha ya Mgonjwa Ndiyo Mlango wa Tiba: Mtazamo Kutoka Kiunga

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humlaumu mgonjwa anyamazaye, lakini haisemi lolote kuhusu mgonjwa aliyesema asieleweke. Katika maradhi ya akili, huyu wa pili ndiye anayestahili kuzingatiwa.

Kiunga ni mji wa Wabajuni ulioko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Eneo hili lilikumbwa na vita vya Shifta katika miaka ya 1960, likapokea wakimbizi baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na tangu mwaka 2011 limeishi na hofu ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Ni muhali jamii ipite katika misukosuko hiyo bila nafsi kujeruhiwa. Hospitali mashuhuri ya maradhi ya akili nchini, Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, iko mbali, jijini Nairobi.

Hata hivyo, umbali wa njia si umbali pekee. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kina istilahi kama vile sonona. Istilahi hiyo ni nzuri, ila mgonjwa wa pwani aghalabu husema kuwa moyo ni mzito, roho haitulii, au kuna kitu kimemwingia. Mhudumu anayeyaona maneno hayo kuwa ni ujinga huufunga mlango wa tiba kabla haujafunguliwa.

Aidha, pwani ina taratibu zake za uponyaji: kisomo, kombe na ngoma ya pepo. Wenyewe hawakubaliani juu yake, kwani wapo wanazuoni wanaoikataa ngoma na kukiridhia kisomo. Hata hivyo, katika ngoma pepo huulizwa jina lake na haja yake, huku jamaa na majirani wakisikiliza. Iwe pepo yupo au hayupo, mgonjwa amepewa nafasi ya kusema, wala hakutengwa na watu wake.

Haya hayana maana kwamba kila la jadi ni jema. Kumfunga mgonjwa minyororo ni ukatili, na kumcheleweshea dawa anayezihitaji ni kumdhulumu. Linalotakiwa ni ushirikiano. Daktari Thomas Adeoye Lambo aliuonyesha huko Aro, Nijeria, tangu mwaka 1954: wagonjwa waliishi vijijini pamoja na jamaa zao, wakatibiwa hospitalini, na waganga wa jadi wakashirikishwa.

Je, wanafunzi wa Kiswahili wanahusikaje? Wanahusika sana. Utafiti wa lahaja umezoea kuhesabu sauti na viambishi, ukaishia maktabani. Msamiati wa maumivu katika Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, unastahili kukusanywa kwa uangalifu, pamoja na miktadha yake, kisha ukabidhiwe wauguzi na washauri nasaha wanaohudumu huko. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na daktari peke yake, kwa kuwa si fani yake. Ni fani ya wanaisimu. Wasipoifanya, mgonjwa wa Kiunga ataendelea kusema bila kueleweka, kisha alaumiwe kwamba alificha maradhi.