SINDANO YA DISIKI: TUNUNUE IPI?



Ninyi wote mnajua ile mashini ya disiki iliyo mu chumba cha kusomea. Ilitoka mu salo ya nyumba ya mwalimu mmoja wa zamani wa shule yetu. Kisha kufa kwake, mama mjane alituita, akatupatia yote: turnedisiki, amplifikatere, bafle mbili za mbao na kartoni moja ya disiki. Alisema: « Baba yenu alikuwa anaifungua siku ya mungu nyuma ya ibada. Musiiache inyamaze. » Lakini sasa inataka kunyamaza. Bafle ya kushoto inasema siku inapotaka, ya kuume inakoroma, na kila « s » ya mwimbaji inatoka sawa mafuta mu kikaango. Fundi alikuja, akafungua, akatazama na lupe, akasema amplifikatere haina ugonjwa. Ugonjwa uko ku selile.

Kwa wale wasiojua: selile ni kale kasanduku kadogo kanachofungwa na visi mbili chini ya ncha ya mkono wa mashini. Sindano inatoka chini yake. Sindano inatembea mu mfereji wa disiki, mfereji unaitikisa, na mu selile ule mtikisiko unageuka umeme. Umeme wenyewe ni kidogo mno: mu selile za namna ya kawaida ni kama milivolti 4 ao 5 tu. Ni kazi ya amplifikatere kuukuza mpaka chumba chote kisikie.

Basi kamiti imekusanya michango, pesa iko kwa Bwana Ekonoma, na tangu wiki tatu hakuna amani. Kila mtu amekuwa fundi. Sisi wa kundi la muziki tunaomba nafasi kidogo mu jarida hili tuseme mawazo yetu, kwani sisi njo tunaofungua mashini ile kila siku ya posho, na tena kwa sababu nyingine ambayo tutaisema chini.

Wa kwanza wanasema: twende ku soko, tuchukue selile mu mashini ya kale iliyokufa, tufunge, kazi kwisha. Bei yake ni ya soda chache. Tunajibu: hapana. Selile nyingi za namna ile ni za seramiki. Hazifanyi kazi na sumaku. Kale kajiwe ka ndani kanapokunjwa kidogo kanatoa umeme, na umeme ule ni mara mia ya huu wetu. Ukiuingiza ku tundu la amplifikatere lililoandikwa « phono », utasikia makelele tu, kwani tundu lile linangojea milivolti chache. Tena selile za seramiki zinataka uzito: gramu 4, 5, wakati mwingine zaidi. Na sindano ya mashini iliyokufa, nani anajua imetembea saa ngapi?

Wa pili ni mwalimu wetu wa fizika, ambaye tunamheshimu sana, na hatusemi hivi juu ya kumpinga. Yeye anapenda selile ambayo sumaku imesimama na waya zilizosokotwa njo zinacheza. Anasema sauti yake ni safi kupita zote. Iko moja ya Wajapani, Denon DL-103, iliyofanywa tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya redio yao ya taifa, na mpaka leo wanaifanya. Hatukatai usafi wake. Lakini, mwalimu, inatoa milivolti 0,3 tu. Amplifikatere yetu haitaisikia. Itabidi kununua chombo kingine cha kuikuza mbele ya kufika kule. Bei yake peke yake inapita dola mia mbili. Na jambo tunaloliogopa kupita bei ni hili: mu selile ya namna ile, sindano haitoki kwa mkono wako. Ikiisha ao ikivunjika, unarudisha selile nzima kule ilikotoka. Sisi tuko Likasi. Tutairudisha na kitu gani? Mu chumba ambamo watoto wa kalasi ya kwanza wanapita mbio na mipira, sindano ya kuvunjika itapatikana mbele ya konje ya Pasaka.

Kwa hiyo sisi tunasema tununue selile ya sumaku inayocheza, ambayo sindano yake inavutwa na vidole na nyingine inaingizwa, pasipo fundi. Tumeuliza, tumesoma, na tunapendekeza ile ya Audio-Technica, AT-VM95E. Ilitoka mwaka 2018. Inatoa milivolti 4, inataka uzito wa gramu 2, visi zake zinaachana milimita 12,7 sawa matundu ya mkono wetu (tulipima na rula), na bei yake haifiki dola mia. Iko pia nyingine nzuri, ya Ortofon wa Denmark, yenye jina 2M Red, gramu 1,8; mtu akiipata mbele, hatutalia. Lakini ile ya kwanza ina faida moja kubwa: mwili ni mmoja, sindano ni nyingi. Mwili uleule unakubali sindano ya mviringo, sindano ya yai, sindano za ncha nyembamba za bei kali, na tena sindano ya disiki za 78.

Hapa tukae kidogo, kwani wengi hawajui mambo ya 78. Mu kartoni ya mama mjane disiki haziko namna moja. Ziko kubwa za plastiki za mizunguko 33, ziko ndogo za 45, na chini kabisa, mu magazeti ya kale, ziko saba nzito, nyeusi, zinazovunjika sawa sahani ya chakula. Zile ni za mizunguko 78. Tatu ni za Ngoma, nyumba ya disiki iliyoanza Léopoldville mwaka 1948. Mifereji yao ni mipana. Sindano ya 33 ina ncha ya kama milimita 0,018. Ile ya 78 inataka milimita 0,076, ni kusema mara nne. Ukitia sindano nyembamba mu mfereji mpana inaanguka mpaka chini, inakokota vumbi la miaka sabini, na unasikia mchanga pahali pa gitaa. Na mnajua gitaa gani tunasemea? Jean Bosco Mwenda alipopiga « Masanga » mbele ya mashini ya Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa hapa hapa mu mji wetu, wakati ule ukiitwa Jadotville. Ikatoka mu disiki ya 78. Ile hatuna mu kartoni, tumetafuta. Lakini mtu anaweza kuileta kesho kutoka ku nyumba ya babu yake, na sisi tutamwambia nini? Kwamba shule haina sindano?

Sindano ya 78 tununue mwaka ujao, pesa ikipatikana. Ya lazima leo ni ya 33 na 45.

Sasa, ya mviringo ao ya yai? Hapa hata sisi wenyewe tuligawanyika, na tulibishana mpaka taa za enterna zilipozimwa. Ya mviringo ni ya bei chini, haichagui sana namna unavyoifunga, na fabrika inaipa saa 500. Ya yai inapewa saa 300 tu, na ukiifunga kombo inalalamika. Lakini inaingia vizuri zaidi mu mikunjo midogo ya mfereji, hasa karibu na katikati ya disiki, pale « s » zinapoharibika. Tena kuna jambo ambalo mafundi wa disiki za zamani wanalijua: disiki iliyolimwa na sindano ya mviringo ina alama ya ulimaji pahali pamoja pa ukuta wa mfereji. Sindano ya namna nyingine inagusa pahali pengine kidogo, na pengine pale pangali pazima. Sindano ya mzee ilikuwa ya mviringo. Basi tuchukue ya yai. Juu ya zile saa 300 tusiogope: tunafungua mashini saa mbili kila siku ya posho, kama mara 30 kwa mwaka wa masomo. Ni saa 60. Sindano itaishi miaka mitano, kama tutaitunza.

Kama tutaitunza. Hapa njo inabidi tuseme ile sababu nyingine.

Mu kartoni mulikuwa disiki mbili ndogo za kwaya ya shule yetu, za wakati wa Zaire. Mbili tu. Tuliuliza wazee wa mji, tuliuliza waimbaji wawili wangali wazima. Hakuna mwenye nyingine. Mwanzo wa mwaka moja ilionekana imekufa: inaruka, inanguruma, sauti za mama wa soprano zimekuwa upepo. Wakasema ni watoto wa kalasi ya kwanza waliocheza nayo. Watoto watatu walifagia uwanja wiki mbili.

Haikuwa wao. Ilikuwa sisi, wafinalisti wa kundi la muziki. Sindano ilikuwa inaruka, na mmoja wetu aliweka kipande cha makuta 5 cha zamani juu ya kichwa cha mkono ili kiikaze. Kweli, haikuruka tena. Tulifurahi, tukarudia wimbo ule mara kumi na zaidi, mpaka usiku. Siku nyingine tulipima mkono na kale kabalansi ambako wanunuzi wa zahabu wanatumia: gramu 9, pahali pa 2 ao 3. Sindano yenyewe, fundi alipoitazama na lupe, ilikuwa imekatika upande mmoja, ina makali sawa kisu. Ni almasi, ile diama inayochimbwa hata kule Mbuji-Mayi. Plastiki haiwezi kushindana nayo. Kila mara tuliyorudia wimbo, tulikuwa tunaulima. Tuliona wale watoto wakifagia na tulinyamaza. Tumekwisha kwenda kwao, tumeomba musamaha, na tumemwambia Bwana Prefe mbele ya kuandika habari hii. Aziwape tuseme: walitupokea vizuri kupita tulivyostahili, na mmoja wao aliuliza palepale kama ataweza kuingia mu kundi la muziki. Ameingia.

Kwa hiyo mtu akituambia « selile ni mambo ya anasa, siku hizi muziki wote uko mu simu », tunamwomba afungue simu yake atutafutie kwaya yetu. Haiko. Iko pahali pamoja, mu disiki moja ndogo ya 45. Tukipata sindano nzuri, tutaifungua mara moja ao mbili, mwalimu wa informatike ataungamisha amplifikatere na kompyuta, na hapo itaingia mu simu za wote. Mbele ya hapo, simu haitusaidii kitu.

Maneno machache juu ya ununuzi. Tusinunue ku barabara selile iliyo mu kasanduku kazuri kenye jina kubwa na bei ya kuchekesha. Mfano: wengine wanauza sindano « mupya » za Shure. Shure wa Marekani walikuwa na jina kubwa, lakini waliacha kufanya selile mwaka 2018. Basi sindano ile ao imelala mu depo tangu wakati ule, ao ni ya fabrika nyingine, ao ni ya kuiga. Ya fabrika nyingine si lazima iwe mbaya. Wako Wajapani wa JICO wanaofanya sindano nzuri kwa selile za zamani. Lakini muuzaji aseme kweli. Ndugu ya mwalimu mmoja anasafiri Lusaka kila mwezi. Tumpe jina na namba ya selile juu ya karatasi, barua kwa barua, na tusipokee « ni sawasawa na ile ».

Kufunga tutafunga sisi pamoja na fundi. Waya nne ni ndogo sawa nywele: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kuume. Kushoto kwetu kunanyamaza pengine juu ya waya moja tu iliyolegea, ni ajabu hakuna aliyeitazama. Uzito tutapima na balansi ya zahabu, ikiwa imesimama kimo kimoja na disiki, gramu 2, si zaidi, na makuta yote yatoke mu chumba. Disiki ifutwe mbele ya kufunguliwa, hasa mu kipwa, vumbi letu jekundu mnalijua. Na umeme ukikatika, mtu anyanyue mkono palepale, asizungushe disiki na kidole kwa kucheka.

Kuhusu nani atashika mashini: kamiti inataka ufunguo ubaki kwa wafinalisti. Kisha yale tuliyosema, mtaelewa kwamba sisi wenyewe hatuombi hivyo. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa muziki, na kila siku ya posho wafungue wawili, mmoja mkubwa, mmoja wa kalasi za chini, na waandike mu kaye saa walizofungua, ili tujue sindano imetembea kiasi gani.

Mkutano wa kamiti ni siku ya ine kisha masomo, mu kalasi ya tano. Mwenye wazo lingine aje nalo. Ile disiki ya pili ya kwaya, nzima bado, iko mu armware ya Bwana Ekonoma, mu bahasha mbili. Tumemwomba asiitoe kwa mtu yeyote, hata kwetu, mpaka selile ifike.

Sisi wa kundi la muziki