Vitufe Vizuri, Lakini Mzee Atabonyeza Wapi?

Siku hizi sisi tunaojifunza kuandika programu za kompyuta, kuanzia Nsambya mpaka Katwe, tumependa sana jambo moja: kuchora vitufe vyetu wenyewe. Kitufe cha kawaida cha Java tunakiona cha kizamani, kimepauka. Basi tunachukua JButton, tunaandika upya paintComponent yake, tunatia rangi kali kama za kitenge, kona za mviringo na kivuli chini. Kinapendeza kweli, na hatusemi tuache. Tunachosema ni kwamba kina kazi yake.

Ukianza kuchora mwenyewe, unabeba yote ambayo Java ilikuwa inakufanyia kimya kimya. Kitufe cha kawaida kikibonyezwa kinabadilika. Kikizimwa kinafifia, mtu anajua bado hakitumiki. Ukitembea na Tab kwenye kibodi, kinawekewa mstari kuonyesha umefika wapi. Hiyo yote ni michoro, na usipoichora, haipo. Wengi wetu tunachoraga sura moja tu, ile ya kupiga picha na kutuma kwenye grupu.

Sasa tufikirie watumiaji wetu. Kompyuta nyingi tunazopata ni za mtumba. Kipanya kikifa, mama anayejifunza anabaki na Tab tu. Asipoona ule mstari, amepotea, na atasema kompyuta si ya watu kama yeye. Mzee ambaye macho yamechoka anaomba maandishi makubwa, lakini kitufe chetu kina kipimo kimoja, herufi zinakatika.

Halafu kuna lugha. Save ina herufi 4, Hifadhi ina 7. Kitufe kilichopimwa kwa Kiingereza kinakata Kiswahili chetu. Na Kiswahili kwenye kompyuta si ndoto: mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Tusiwe sisi wa kukibana.

Dawa si ngumu. Kabla ya kuchora, uliza kitufe chenyewe: isEnabled, hasFocus, getModel().isPressed(). Kila jibu lipe sura yake. Urefu wa neno upime kwa FontMetrics, usikisie.

Tunapendekeza kila programu ya kikundi ipite mtihani huu kabla ya kuonyeshwa: chomoa kipanya, zima kitufe kimoja, kuza maandishi, weka Kiswahili. Kisha mkalishe mbele yake mtu ambaye hajawahi kuiona, na wewe unyamaze. Akifika mwisho bila kukuita, hapo ndo tutapiga makofi.

Mwenye wazo lingine alilete, tuongee.