Kitanda cha Mninga

Mwezi huu tuongelee kitanda. Usicheke! Bwana harusi mtarajiwa wa Bongo, akishamaliza habari ya mahari, anachowaza ni kitanda cha mninga, sita kwa sita. Safi kabisa. Lakini mninga wa harusi ya mwanao nani anaupanda?

Ukienda Mwandiga, pale Kigoma, barabara inaendelea hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Huko ni nchi ya miyombo, na mninga ni mwenyeji. Ila sisi tukitaka kupamba barabara au shule, tunakimbilia mkaratusi, mjohoro na mkrismasi, wageni wote hao. Sababu? Wanakua haraka, na mgeni rasmi anapiga picha.

Mninga hauna haraka. Mche wake huchipua wakati wa mvua, kiangazi ukakauka hadi chini, utadhani umekufa. Mwaka unaofuata, hivyo hivyo. Huweza kuendelea namna hiyo miaka kadhaa, kumbe mzizi unanenepa kimyakimya. Ukishajitosheleza, ndipo shina linapanda kweli. Sasa fikiria uwanja wa shule: kijiti kikavu, mwanafunzi kapewa fyekeo. Kwisha habari!

Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vya Kigoma, ulianza na vitalu vya miche. Baadaye ikaonekana kwamba penye visiki na mizizi hai, msitu hurudi wenyewe, mradi watu wauepushe na moto na shoka. Hata klabu za vijana za Roots & Shoots, ambazo Dk. Goodall (aliyefariki 2025) alizianzisha na wanafunzi Dar es Salaam mwaka 1991, jina lake ni mizizi na machipukizi. Mizizi imetangulia.

Na si suala la kitanda tu. Udongo wa vilima vya Kigoma usioshikwa na mizizi husombwa hadi Ziwa Tanganyika, ukafunika mawe ambako samaki wa ufukweni hula na kuzaliana.

Kwa hiyo, wapenzi wawili mnaotaka kuacha kumbukumbu shuleni mliposoma, msipeleke miche hamsini na kuondoka. Chagueni michache ya asili ya hapo hapo. Wekeni vijiti vya alama, ongeeni na mwalimu mkuu isifyekwe wala kuchomwa, na kila mwaka piteni kuiangalia. Nyasi za asili za pembeni nazo ziacheni, zinashika udongo.

Ndoa nazo zina kiangazi, si unajua? Mwenzio kanyauka, hana maneno matamu, mfuko mtupu. Kabla hujang'oa, jiulize kama mzizi bado uko hai. Mara nyingi uko.

Tukutane mwezi ujao!