Meno ya Sproketi na Adabu ya Barabara

Hapana lawama iliyo nyepesi kutamkwa katika miji yetu kama ile anayotupiwa kijana wa bodaboda: kwamba ana haraka isiyo na sababu, kwamba hapunguzi mwendo penye kona wala penye kivuko cha watoto wa shule, na kwamba akitaka kulipita lori hukaa katikati ya barabara muda mrefu kuliko unavyostahili. Lawama hiyo ina haki yake, wala sikukusudia kumtetea mtu ambaye abiria wake amelala hospitali kwa mguu uliovunjika. Walakini wanaolaumu, aghalabu, huanza na tabia ya kijana na kumaliza na tabia ya kijana, wakaiacha pikipiki nje ya kesi kana kwamba chombo hakina neno la kusema juu ya namna kinavyoendeshwa; ilhali kwa kadiri nilivyoyatazama mambo haya katika mkoa wa Tanga, ambako barabara moja hukaa karibu na usawa wa bahari na nyingine hupanda mpaka kwenye baridi ya Usambara, nimesadiki kuwa sehemu kubwa ya tabia tunayoichukia imekaa katika vipande viwili vya chuma vyenye meno, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilivyounganishwa kwa cheni.

Watu wengi hudhani kuwa mwendo wa pikipiki hutoka katika ukubwa wa injini. Injini hutoa nguvu; ama kama nguvu ile itatumika kwa kukimbia au kwa kuvuta, hiyo ni amri ya gia. Gia zilizomo ndani ya sanduku lake mpandaji huzibadili kwa mguu apendavyo, lakini nje ya sanduku hilo ipo gia ya mwisho isiyobadilishwa kwa mguu wala kwa mkono, nayo ni uwiano wa sproketi ya mbele na ya nyuma. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ya mbele itazunguka mara tatu kamili ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Ukiitoa hiyo ya mbele ukafunga yenye meno 15, mzunguko ule ule wa injini uliokuwa ukikupa kilomita 60 kwa saa utakupa 64. Ukifunga yenye meno 13, utakupa kama 56. Jino moja la mbele, basi, athari yake hukaribiana na ya meno matatu ya nyuma, na ndiyo maana mafundi hupenda kuigusa ya mbele, ambayo ni ndogo na hubadilishwa kabla abiria hajamaliza soda yake.

Hapa ndipo ghururi inapoingia. Kijana akiambiwa kuwa jino moja litamwongezea kilomita nne, huona amepewa kasi ya bure, wala hajiulizi ni nani aliyeilipia. Hamali apandaye ngazi na gunia mgongoni huchukua hatua fupi, na lau ungemlazimisha kupiga hatua ndefu asingefika mapema, angeshindwa katikati ya ngazi. Na injini iliyofungwa sproketi ya kukimbilia ikapewa mzigo imo katika hali hiyo hiyo. Hata katika tambarare hisabu haimkubali daima, kwa sababu nguvu ya kuukata upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hata ikawa mwendo ukizidi kwa sehemu saba katika mia, nguvu inayotakiwa dhidi ya upepo huo yapasa izidi kwa zaidi ya humusi. Injini ndogo iliyokwisha fika kikomo chake katika gia ya juu haina humusi hiyo ya kutoa. Kijana wetu, akiwa na abiria nyuma na upepo wa bahari usoni, hukuta gia ya nne haivuti tena, akarudi ya tatu, akaenda kwa mwendo aliokuwa nao jana au pungufu yake.

Nilimkuta fundi mmoja Mombo, pale ambapo barabara ya Lushoto huiacha njia kuu na kuanza kuukwea mlima, amechuchumaa kando ya pikipiki iliyosimama kwa stendi ya kati. Alifungua bolti za kifuniko cha upande wa kushoto, akapangusa kwa kitambaa grisi nyeusi iliyochanganyika na mchanga, na sproketi ya mbele ikaonekana, imeshikwa kwa kibati na bolti mbili. Mwendeshaji wake, kijana anayebeba abiria na mboga za Soni, alikuwa na haja moja tu.

"Fundi, nifungie kubwa kidogo. Hii haikimbii."

"Unapakia nini, mdogo wangu?"

"Abiria wawili. Siku ya gulio, na kabichi."

Fundi akaanza kuhesabu meno kwa ncha ya bisibisi, akiizungusha sproketi polepole, kisha akahesabu tena.

"Kumi na tano hizi. Pikipiki kama hii hutoka na kumi na nne. Nani aliibadili?"

"Niliikuta hivyohivyo, kaka. Ya tajiri."

"Basi haikimbii kwa kuwa haivuti. Na klachi ulifunga mpya lini?"

Kijana alicheka, akasema kuwa klachi ni shida ya pikipiki zote za huku.

Si ya zote. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika kilomita hizo mtu hupanda takriban mita 1,000, mpaka kufika mahali palipo karibu mita 1,400 juu ya bahari, ambapo hewa imekuwa nyepesi kiasi cha kuinyang'anya injini zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Tanga mjini. Mlima huitaka injini nguvu zaidi, na hewa huipunguzia ile iliyonayo; juu ya nakisi hizo mbili aliyebadili meno ameongeza ya tatu kwa mkono wake mwenyewe. Akiondoka, kijana hulazimika kuiachia klachi nusunusu huku akipiga resi, na pleti zikasuguana na kuungua. Akishafika gia ya pili, kilima kikizidi ukali, injini huanza kugonga. Akirudi ya kwanza, hupiga kelele na haendi.

Sasa tazama jinsi chombo hicho kinavyomfunza mpandaji wake. Kwa kuwa kuurudisha mwendo ni taabu, na kila akipunguza hulipa kwa klachi, kwa petroli na kwa muda, hujifunza bila ya kufundishwa na mtu kuwa mwendo alionao haufai kupotezwa. Akiona kona huinama nayo kuliko kushika breki. Akiona watoto kando ya barabara hupiga honi kutoka mbali, akitumaini kuwa watakaosimama ni wao. Akilifuata lori na kuona nafasi ya kulipita, hutoka akiwa katika gia ya juu isiyo na mvuto, na yale maringo tunayoyaona ya kukaa upande wa wenzake kwa muda mrefu mara nyingi si maringo: pikipiki imekataa kuongeza mwendo, naye hawezi tena kurudi nyuma. Mpandaji yule yule, mwaka ule ule na roho ile ile, ukimpa sproketi yenye mvuto, hupunguza mwendo kwa moyo mweupe, maana ajua kwamba akigusa resi mwendo utarudi. Simwondolei kijana dhambi yake. Nasema kuwa dhambi hiyo ina mshirika asiyefikishwa mbele ya hakimu.

Wala sisemi kwamba kila mtu akimbilie meno machache mbele. Aendaye kila siku kati ya Tanga na Muheza, katika nchi iliyo sawa na yenye mashamba ya mkonge, akifunga sproketi ya mlimani atachoshwa na mlio na mtikisiko, injini yake itazunguka pasipo haja, na petroli itakwenda. Tadbiri iko katika kuoanisha meno na njia, na mzigo pia, hasa ule wa abiria zaidi ya mmoja tunaouita mishikaki, ambao sheria inaukataza na macho yetu yanauona kila jioni.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1907 mashindano ya pikipiki ya Isle of Man yalipoanza, vyombo vingi vilikuwa na mkanda na gia moja, na baadhi ya washindani walipiga pedeli ili kuvisaidia kilimani. Mwaka 1911 wenye mashindano waliyahamishia katika njia ndefu inayopita begani mwa mlima Snaefell, kwa kusudi la kuwasukuma watengenezaji wakubali gia za kubadilisha. Na kampuni ya Indian kutoka Marekani, iliyokuja na cheni na sanduku la gia mbili, ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika shindano kubwa, mbele ya Waingereza waliokuwa kwao. Hata injini ndogo kabisa iliwahi kufikishwa mbali kwa njia hii: Suzuki ya mashindano ya mwaka 1967, yenye cc 50 tu, ilikuwa na gia 14, kwa sababu injini yake ilikuwa na nguvu katika kipande chembamba tu cha mizunguko, zaidi ya 17,000 kwa dakika, na mpandaji alikuwa hana budi kuiweka humo daima. Sisi tunazo nne au tano, na kwa kazi yetu zinatosha, maadamu ile ya mwisho iliyo nje ya sanduku haijaharibiwa.

Kuna desturi nyingine inayonitia hofu kuliko hiyo ya kupanda, nayo ni ya kushuka kwa frii. Kijana akishafika juu, huitoa pikipiki katika gia, wengine wakazima injini kabisa, akateremka kwa uzito wake akidai kuwa anaokoa mafuta. Anaokoa matone. Chukua pikipiki, mpandaji na abiria, jumla yao kilo 250: wakishuka mita 1,000, nguvu inayopasa kumezwa njiani yatosha kuchemsha lita nane za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi, lakini mtu akienda polepole, kama inavyompasa penye kona zile, sehemu kubwa hubaki kwa breki. Na breki za dramu, ambazo ndizo tulizonazo, zikishika joto hilo lote hupoteza nguvu wakati ule ule ambao zinahitajiwa zaidi. Akishuka katika gia ya pili, injini yenyewe humzuia, na breki hubaki baridi zikingojea mbuzi atakayekatiza barabara. Tena aliyeshuka kwa frii, akitaka gia kwa dharura, haijui ipi inafaa kwa mwendo alionao. Huikanyaga kwa kubahatisha, na gurudumu la nyuma likifunga ghafla katika kona yenye mchanga, huanguka yeye na abiria wake.

Nani anafundisha haya? Mwanafunzi huonyeshwa alama za barabarani, hufundishwa kuzunguka vibao katika uwanja ulio sawa, na kama amepata gia nne mfululizo bila ya kuzima, husifiwa. Hakuna anayempeleka kilimani akiwa na mtu nyuma, akamwamuru asimame na aondoke tena. Hakuna anayemwambia kuwa zipo pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa kwa mbele, na zipo ambazo ya kwanza hukanyagwa chini na zilizosalia huinuliwa, na kwamba aliyezoea aina moja akipewa nyingine, siku ya kwanza anaweza kudhani anapanda gia kumbe anashuka. Pikipiki za umeme zilizoanza kuenea Nairobi na Kigali zitaliondoa fumbo hili la mguu, kwa kuwa nyingi hazina sanduku la gia na mota yake huvuta kwa nguvu tangu gurudumu likiwa limesimama. Ila hazitauondoa uwiano wa mwisho, na mwenye kuupangia tambarare akaupeleka Lushoto atalaumu betri kama tunavyolaumu klachi leo.

Neno langu la mwisho ni kwa matajiri, maana wao ndio wenye chombo, na kijana anayewapelekea hesabu kila jioni hana sauti juu ya kipuri kinachofungwa. Wengi wao hawajui kama pikipiki yao iliwahi kubadilishwa meno. Waliinunua mkononi mwa mtu, au walimwachia fundi aliyefunga kilichokuwepo dukani. Nawaomba wafungue kile kifuniko cha upande wa kushoto, wahesabu meno, walinganishe na idadi iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, na kama imezidi na pikipiki inafanya kazi milimani, wairudishe ya kiwandani kabla ya kumkata kijana pesa za klachi nyingine. Katika seti nzima ya cheni na sproketi, ya mbele ndiyo yenye bei ndogo kuliko zote.