Ramani za kale za Bonde la Ruvu zirudi nyumbani



Mto Ruvu tunaoufahamu, kwenye ramani za wakoloni wa Kijerumani unaitwa Kingani. Ramani hizo za kipimo cha 1:300,000, zilizoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, zinaonyesha Uzaramo, nchi ya Wazaramo, kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Zisomwe kwa hadhari: mara nyingi kijiji kilipewa jina la jumbe (mkuu) wake, hivyo alipokufa, jina nalo liliweza kubadilika.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziweke nakala za ramani hizi kwenye maktaba, na wazee waitwe kuzisahihisha wangali hai. Wapimaji wa kigeni walichora zaidi njia walizopita. Mahame na makaburi wanayajua wenyeji.

Msomaji,
Mlandizi, Pwani