Kumbukumbu si sanduku: tuandikiane amana zetu



Sifa zote njema ni za Allah, Aliyemuumba mwanadamu akamtunukia akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, katika mizozo ya kifamilia tunayoletewa ili tuisuluhishe, iko namna moja inayojirudia sana. Mke alimpa wifi yake bangili za dhahabu siku ya harusi. Miaka inapita, naye anazitaka. Yeye asema aliziazima. Wifi asema alipewa hiba. Kila mmoja anaieleza siku ile kwa kituo: nani alikuwapo, wapi walikaa, neno gani lilitamkwa. Kila mmoja yu tayari kuapa. Nyumba inagawanyika pande mbili, na kila upande unamwita mwengine mwongo.

Twataka kusema leo kwamba huenda pale hapana mwongo hata mmoja.

Wengi wetu huidhania kumbukumbu kuwa mfano wa sanduku: kilichotiwa ndicho kitakachotolewa, labda kimeshika vumbi tu. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameona vyengine. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliwapa watu wasome hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya kila baada ya muda. Hawakukusudia kuibadilisha. Lakini mitumbwi ikageuka mashua, na mambo ya mizimu wasiyoyaelewa yakadondoka njiani. Kila akili iliijenga hadithi upya kwa vifaa ilivyovizoea.

Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi la wanafunzi 50 liliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana. Kundi jengine la 50 liliulizwa yalikuwa na kasi gani yalipopondana. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hata hivyo, walioulizwa kwa neno "kupondana", 16 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno "kugongana" ni 7 tu. Neno moja la muulizaji liliingia akilini, likakaa kitako kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo.

Sasa turejee kwenye bangili. Kila zinapotajwa barazani au jikoni, mmoja huongeza neno, mwengine hutia lake: "Kwani si alikupa wewe?" Baada ya miaka, mwenye kusimulia hajui tena lipi aliliona na lipi aliambiwa. Tena kadiri anavyolisimulia ndivyo anavyozidi kuwa na yakini. Yakini ya moyo si ushahidi.

Na hapa kina mama tuna nasaha nanyi kuhusu watoto. Mtoto akirudi na alama mwilini au akiwa na huzuni, tusimkabili kwa swali lenye jibu ndani yake: "Ni fulani aliyekupiga?" Huenda akaitikia, kisha akaamini alichoitikia, na mtu asiye na hatia akabeba dhambi. Au aliyetenda akaponyoka kwa kuwa maneno ya mtoto yamechanganyika. Tumwambie kwa upole, "Hebu nieleze kulikuwa na nini," kisha tunyamaze tusikilize.

Ndugu zetu, sheria yetu imemjua mwanadamu kabla ya wataalamu hawa. Sura Taha yatueleza kuwa baba yetu Adam alisahau. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya deni: yaamrisha deni la muda liandikwe, dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Yataja waziwazi kuwa shahidi aweza kupotewa na mwenzake akamkumbusha. Hakuambiwa mwenye kudhaniwa mwongo peke yake; wameambiwa walioamini.

Lakini sisi twaona haya. Twasema, "Vipi nimwandikishe ndugu yangu? Atadhani simuamini." Hivyo sivyo. Tunaandika ili udugu usije ukategemea kumbukumbu. Aliye mkweli kabisa husahau, na karatasi humlinda yeye kabla ya kumlinda mwenzake.

Basi kila nyumba iwe na daftari. Dhahabu ikitoka, iandikwe uzito wake, tarehe, na neno moja lililo bayana: ni amana, ni kuazima, au ni hiba. Mahari iliyobaki iandikwe kiasi chake. Pesa za chama ziandikwe mbele ya wenyewe. Mzee akimpa mwanawe kiwanja ajenge, iandikwe kama ni milki au ni ruhusa ya kukaa tu, kwani akishafariki hapana wa kumuuliza, na mirathi huvunja nyumba nyingi kwa jambo hili. Pande zote mbili zitie saini, na mashahidi wawili.

Na penye mzozo wa zamani usio na maandishi, tuanze kwa kumdhania mwenzetu wema. "Huenda mimi nimesahau" ni neno dogo, lakini hufungua mlango wa sulhu ambao kiapo huufunga.

Twamuomba Allah Subhanahu wa Taala atuhifadhie ndimi zetu, atuwezeshe kurejesha amana kwa wenyewe, na aziunge nyoyo za familia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.