Mwalimu Akigoma, Mwanafunzi Apata Nini?



Juzi mwanafunzi mmoja mkubwa alitujia baada ya masomo, akatuuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: «Mwalimu, mtu akigoma kiwandani, hasara ni ya mwenye kiwanda. Lakini mwalimu akigoma, hasara ni yetu sisi tusio na kosa. Je, hiyo ni haki?» Tulimwomba angoje juma moja. Swali lake ni la kweli, nalo lastahili jibu la kweli. Basi leo twamjibu kwa habari iliyotokea mbali, kisha tutazame kama yatuhusu na sisi.

Katika jimbo la California, huko Marekani, kuna chuo kikuu cha serikali kiitwacho California State University. Hakikai mahali pamoja: mwaka 2024 kilikuwa na matawi 23, na wanafunzi zaidi ya 450,000. Wengi wao ni watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Walimu wake, pamoja na watunza vitabu, washauri wa wanafunzi na wafundishaji wa michezo, walipata 29,000, nao wana chama chao cha wafanyakazi, yaani sindika, kiitwacho California Faculty Association.

Mtu akisikia jina la profesa hudhani ni tajiri. Sivyo. Katika chuo hicho walimu wengi huandikwa kwa mapatano ya muda mfupi, wala hawajui kama muhula ujao wataitwa tena. Mshahara wa chini wa mwalimu wa namna hiyo, akipewa kazi kamili, ulikuwa dola 54,360 kwa mwaka. Na wengi hawapewi kazi kamili. Msomaji atasema: «Hizo ni fedha nyingi!» Kwetu, ndiyo. Lakini mshahara haupimwi kwa hesabu ya noti, wapimwa kwa vitu vinunuliwavyo. Kodi ya nyumba katika miji ya California ni kali mno, na tangu mwaka 2021 bei za vitu zilipanda upesi kuliko mishahara.

Mwaka 2023 chama kilidai nyongeza ya 12%, na mshahara wa chini uongezwe dola 10,000. Tena kilidai mambo yanayowagusa wanafunzi wenyewe: apatikane mshauri mmoja kwa kila wanafunzi 1,500, ili kijana mwenye huzuni au mashaka asingoje majuma mengi kabla ya kusikilizwa. Wakuu wa chuo walijibu kwamba fedha hazitoshi, wakakubali 5% tu. Na mwezi wa Septemba mwaka huohuo, baraza la chuo liliamua kuongeza minerval kwa 6% kila mwaka, muda wa miaka mitano. Hivyo mwaka wa kwanza mwanafunzi angetoka dola 5,742 na kufika dola 6,084.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mwanafunzi angeweza kusema: «Mwalimu wangu ataka kuongezewa mshahara, nami ndiye nitakayemlipia.» Laiti wangefarakana, wote wawili wangeshindwa. Lakini chama kilikuwa kimepinga wazi ongezeko la minerval, na wanafunzi wengi hawakukisahau.

Sheria ya California haimruhusu mwalimu kuacha kazi kwa hasira ya siku moja. Kwanza pande mbili zajadiliana, kisha aja mpatanishi, kisha baraza la kuchunguza ukweli. Hatua hizo zote zilifuatwa. Mwezi wa Desemba 2023 walimu waligoma siku mojamoja katika matawi manne. Tarehe 9 Januari 2024 wakuu walikata mazungumzo, wakatangaza 5% yao. Basi Jumatatu, tarehe 22 Januari, walimu wa matawi yote 23 waligoma, wakikusudia siku tano. Wanafunzi walisimama pamoja nao mbele ya milango ya chuo.

Jioni ya siku ileile mapatano yalipatikana. Walimu walipewa 5% kuanzia Julai 2023, na 5% nyingine Julai 2024 kama serikali haitapunguza fedha za chuo. Wale wa mshahara wa chini waliongezewa zaidi. Likizo ya mzazi aliyepata mtoto ilitoka majuma 6 ikawa 10. Wanachama wengine walinung'unika, wakisema mgomo ulikatwa mapema mno. Lakini kura zilipopigwa mwezi wa Februari, wengi walikubali. Yafaa tuseme ukweli wote: minerval ilipanda vilevile. Chama hakikupata kila kitu.

Sasa tumjibu kijana wetu. Ndiyo, mwanafunzi hupata hasara, na mwalimu asiyeona uchungu wa hasara hiyo hafai kuongoza mgomo. Ndiyo maana mgomo ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Lakini kuna hasara nyingine isiyo na kelele: mwalimu akimbiaye kutoka shule hata shule kutafuta chakula, asiye na saa ya kusahihisha madaftari, asiyejua kama mwakani atakuwapo. Hasara hiyo mwanafunzi huilipa kila siku, wala hakuna atakayeitangaza.

Sisi wa Kongo twaufahamu mtego ule. Tangu miaka ya 1990 serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi walianza kutoa «prime» ili shule zisifungwe. Jambo hilo liliokoa masomo. Lakini lilimfanya mzazi maskini na mwalimu maskini watazamane kama mdai na mdaiwa, na mtoto asiyelipa akarudishwa nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa bure. Uamuzi ni mwema. Lakini shule ya bure yataka mwalimu anayelipwa, la sivyo mzigo utarudi kwa mtoto kwa njia nyingine.

Kwa hiyo, enyi walimu wenzetu, tukidai haki yetu, tuandike na haja za wanafunzi katika karatasi ileile. Na tukirudi darasani, tufidie saa zilizopotea. Nanyi wazazi, kabla ya kumlaumu mwalimu, ulizeni kwanza ni nani aliyepaswa kumlipa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nawe kijana uliyeuliza, endelea kuuliza. Kesho huenda wewe ndiwe utakayesimama mbele ya darasa, na mwingine atakuuliza swali hilohilo.